Jilala Nkwabi, Aliyewapeleka Ng'ombe wa Momba Mtandaoni

Tarehe 30 Juni 2015 Bwana Jilala Nkwabi, Afisa Masoko wa Umoja wa Wafugaji wa Bonde la Momba, anastaafu baada ya kuutumikia umoja kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu mfupi usio na maneno ya kumuudhi mtu. Ufupi umenishinda. Hilo la pili mtaamua wenyewe mkishamaliza kula.

Bwana Jilala alifika Ivuna akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake waliotoka Usukumani kutafuta malisho. Mwaka 1989, wafanyabiashara binafsi walipoanza kumiminika minadani, umoja ulimwajiri kuwa karani wa mnada. Kazi ilihitaji mtu mwenye sauti, na sauti Mungu alimjalia. Wazee wa Mkulwe wanasema alipotangaza bei, ng'ombe wa ng'ambo ya mto waliinua vichwa. Akapanda cheo mpaka Afisa Masoko, akapewa ofisi Tunduma, meza, na kiti ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia.

Ni mchapakazi, ni mcheshi, na katika miaka yote niliyokaa naye ofisi moja sijawahi kumsikia akisema neno "sijui". Hiyo tabia ya mwisho ndiyo iliyotupatia tovuti.

Mwaka 2010 viongozi wetu walirudi kutoka semina Mbeya wakiwa na mikoba mipya na habari kwamba umoja usio na tovuti ni sawa na umoja uliokufa. Tusiwacheke sana, kwa sababu shida ilikuwepo. Madalali walikuwa wanateremka bondeni na kumwambia mfugaji kwamba bei Tunduma imeanguka, naye hana wa kumuuliza, anauza. Wanunuzi wa Zambia walikuwa hapo tu, ng'ambo ya mpaka, ila hawakujua nani ana nini. Kama tovuti ingewakutanisha, dalali angebaki na fimbo yake.

Mwenyekiti wetu, Mzee Zabron, akauliza nani anaweza kuijenga. Bwana Jilala akanyoosha mkono. Alikuwa na cheti cha kompyuta cha wiki mbili. Katika wiki hizo alijifunza kuwasha mashine, kuandika barua na kucheza karata, na karata alizimudu vizuri.

Kazi ilianza kwa kutafuta anwani ya tovuti. Bwana Jilala alipendekeza jina fupi. Kamati ikakataa, ikataka jina kamili la umoja, neno kwa neno, bila nafasi katikati: umojawawafugajiwabondelamomba. Jaribuni kuliandika kwenye simu. Watu walizidisha "wa" moja, wengine wakapunguza, wote wakaishia kwenye ukurasa mtupu. Mwenyekiti mwenyewe hakuwahi kuifikia tovuti yake pasipo kushikwa mkono.

Yaliyomo yakapatikana kwa njia ya mkato. Ambwene, mwenye intaneti kafe karibu na stendi, alimwonyesha Bwana Jilala tovuti nzuri ya wafugaji wa Uholanzi, wakainakili, wakaitafsiri kwa mashine, wakabadilisha majina. Kwa miezi kadhaa wafugaji wa Momba walitangazia ulimwengu kwamba ng'ombe wao hulala ndani ya ghala lenye joto wakati wa theluji. Daktari wa mifugo aliyeisoma alituuliza theluji hiyo huanguka upande gani wa Ivuna.

Kurasa nyingine zilikuwa na picha ya mtu anayechimba kwa sepetu, chini yake maneno "Ukurasa huu unajengwa". Zilijengwa mwaka mzima. Wanachama wa Mkulwe walituma mjumbe aulize kama tofali zinahitajika.

Halafu zikaja picha. Bwana Jilala alizipiga kwa kamera ya kuazima, akazipakia zilivyo, nzito kama zilivyotoka. Ukifungua tovuti asubuhi, ng'ombe alianza kuonekana pembe, unakwenda kunywa chai, unarudi unamkuta amefika mgongoni. Na kila kiongozi alitaka ng'ombe wake awe wa mbele. Bi. Edina, mjane wa Ivuna, alileta habari za dume lake zuri, akaambiwa nafasi zimejaa. Zilijazwa na kamati.

Aliyeshinda ukurasa wa mbele ni Meja, dume la mwenyekiti, jeusi tii, lenye baka jeupe ubavuni. Sitamsingizia, alikuwa mnyama wa kutazamwa. Chini yake kulikuwa na hotuba ya mwenyekiti, chini ya hotuba dira yetu, chini ya dira malengo, na mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, namba ya simu ya Bwana Jilala.

Mwaka 2012 namba hiyo iliita. Alikuwa mama mmoja kutoka Isoka, Zambia, anayeitwa Bana Chanda, mwenye shamba la mifugo. Alikuwa anatafuta dume la mbegu. Akauliza kama yule mweusi mwenye baka bado yupo. Mimi nilikuwa meza ya pili nikiandika hesabu. Bwana Jilala alifungua kompyuta, akasubiri, akamwona Meja, akajibu, "Yupo, mama. Namtazama hapa."

Wiki iliyofuata mama huyo alivuka mpaka na gari la kubebea mifugo, vibali vyake mkononi. Mwenyekiti alikuwa safarini, basi Bwana Jilala akaongoza msafara kwenda Chitete, nyumbani kwa mwenyekiti, nami nikaenda kuandika hati ya mauzo. Njia nzima alimsimulia mgeni habari za Meja. Nilidhani anajua anachokisema.

Mke wa mwenyekiti, Mama Tulinagwe, alitupokea vizuri. Bana Chanda akasalimia, "Mulishani," akakaa, akanywa maziwa, kisha akauliza, "Ing'ombe ili kwi?" Hata asiyejua Kibemba alielewa kwamba ng'ombe anatafutwa.

"Ng'ombe yupi, mama?"

Mgeni akatoa picha aliyoichapisha. "Huyu. Mwenye baka."

Mama Tulinagwe aliitazama picha, akamtazama Bwana Jilala, kisha akatazama uani. Pale uani palikuwa na ngozi nyeusi imetandazwa, juu yake ulezi unakauka. Akaenda, akausogeza ulezi kwa kiganja mpaka baka jeupe likatokea.

"Ndiye huyu," alisema. "Alivunjika mguu akivuka mto. Tukamchinja kwenye harusi ya binti yetu Agnes."

"Harusi ilikuwa lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane."

Bana Chanda akamgeukia Bwana Jilala taratibu. "Ba Jilala, wewe ulijua?"

"Nilikuwepo harusini, mama."

"Ukamla?"

"Kidogo."

"Sahani mbili," alisema Mama Tulinagwe, ambaye ni mzee wa kanisa na hapendi uongo nyumbani kwake.

Mgeni akakunja picha yake. "Nilikuuliza kama yupo. Ukasema yupo."

"Nilimwona kwenye kompyuta, mama. Picha ilikuwa nzuri, nikaona tusiiondoe."

Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliaga, akapanda gari, akasema atawaambia wenzake wa Isoka na Kasama wasipoteze mafuta yao kuja kununua ngozi. Na aliwaambia. Simu ya Bwana Jilala ikanyamaza kabisa. Madalali wa Tunduma walipopata habari walicheka mpaka wakakaa chini. Walipomwona njiani walimpigia saluti: "Shikamoo, Meja." Ndugu yetu akaanza kupita uchochoroni. Mtu ambaye sauti yake iliinua vichwa vya ng'ombe ng'ambo ya mto akawa anaagiza chai kwa kunong'ona. Msimu ule bondeni mvua zilikuwa haba, wafugaji wakauza kwa bei ya dalali, wengine wakiuza mpaka mitamba waliyotegemea izae.

Kamati ikakutana. Mwenyekiti alisema kosa ni la kompyuta. Katibu akasema kosa ni la Ambwene. Mjumbe mmoja akasema kosa ni la Uholanzi. Bwana Jilala alisimama akasema, "Kosa ni langu. Nilipiga picha nikadhani kazi imeisha. Naomba ruhusa niende Isoka." Ruhusa hakupewa, kwa maelezo kwamba umoja haumwombi mteja radhi. Akachukua likizo yake, akaenda.

Bana Chanda hakumfukuza. Alimkalisha shambani kwake, akafungua tovuti yetu kwenye simu, wakaingoja wote wawili mpaka chai ikapoa. Ilipofunguka akaanza kuuliza. Huyu ana umri gani? Ana uzito gani? Amechanjwa? Mwenye naye ni nani, nimpigie yeye na si wewe? Picha hii ni ya lini? Ndugu yetu asiyejua kusema "sijui" alilisema neno hilo siku ile kwa kila swali. Aliporudi Tunduma alikaa kwenye kiti chake, akaniambia, "Stamili, yule mama hakuuliza dira yetu hata mara moja. Alitaka kujua umri wa ng'ombe."

Kuanzia hapo alianza kazi upya. Alikwenda kwa Ambwene, safari hii akiwa na daftari na unyenyekevu, wakapunguza uzito wa picha, wakafuta theluji, wakamwondoa mtu wa sepetu. Anwani ikawa ng'ombe na Momba tu, bila mbwembwe. Akapanda pikipiki, akazunguka zizi hadi zizi, Mkulwe, Ivuna, Kamsamba, akiandika umri, chanjo na simu ya mwenye mali. Ng'ombe akiuzwa, picha inaondoka siku hiyohiyo.

Kikwazo kikawa Meja. Mwenyekiti alifika ofisini mwenyewe.

"Jilala, Meja ndiye sura ya umoja huu. Mrudishe."

"Mzee, Meja ni ngozi. Imeanikiwa ulezi."

Kwa jibu hilo alifutwa kwenye semina za mwaka mzima. Hakulalamika, maana balaa lote lilianzia semina. Hotuba ya mwenyekiti nayo ikahamishiwa ukurasa wa ndani kabisa, ambako iko mpaka leo, ikisubiri msomaji.

Dume la Bi. Edina likapanda tovutini kama ng'ombe wengine, na simu yake mwenyewe chini. Dalali mmoja alikuwa amemwambia mjane huyo kwamba mnyama amekonda, amwachie tu kabla hajafa. Bi. Edina alikuwa karibu kukubali. Siku mbili baada ya picha kupandishwa akapigiwa simu na sauti ya kike inayochanganya Kiswahili na Kibemba. Sauti hiyo ilimuuliza maswali mengi, na ya mwisho ilimshangaza.

"Sasa hivi uko wapi, na ng'ombe yuko wapi?"

"Niko zizini, mama. Nimemshika pembe."

"Mwekee simu mdomoni nisikie."

Bi. Edina anaapa kwamba dume lilipumua kwenye simu, na mama wa Isoka akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, nakuja." Alikuja kweli, akamnunua, akachukua na mitamba ya jirani. Bi. Edina akajenga nyumba ya bati. Dalali aliyemwambia mnyama amekonda sasa ana bodaboda Tunduma, na nasikia ni dereva mzuri. Mwaka uliofuata wakaja wanunuzi wengine kutoka Kasama, wakifungua tovuti kwanza na kupiga simu baadaye. Taarifa ya mwaka ya umoja ilisifu "uongozi madhubuti wa kamati katika teknolojia". Jina la Jilala Nkwabi halimo. Ndiyo maana nimeamua kuliandika hapa mara nyingi.

Tovuti sasa ataishika Bi. Lusubilo, ambaye amesomea mambo haya na hajawahi kula ng'ombe aliyemtangaza. Amekwisha kugundua kwamba simu ya ofisi iliyoko tovutini ni namba binafsi ya Bwana Jilala. Aliomba ibadilishwe. Kamati imesema wazo ni zuri na litajadiliwa kikao cha Agosti, akidi ikitimia. Nilimuuliza mstaafu atafanya nini mpaka wakati huo, huko Ivuna, wateja wakimpigia akiwa machungani.

"Nitapokea," alisema. "Nitawauliza wanataka nini, halafu nitakwenda kumwangalia huyo ng'ombe kwa macho yangu kabla sijajibu."

Kaka Jilala, asante kwa sauti yako, kwa pikipiki yako, na kwa ile safari ya Isoka uliyoifanya kwa likizo yako mwenyewe. Umetufundisha mengi, na baadhi ulikusudia. Ukaishi kwa amani na mkeo na mifugo yako, mvua zisikupite, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Na usizime simu, angalau mpaka Agosti.

Stamili, mhasibu wa umoja
Ofisi ya Tunduma