Eliezer Rutagengwa, Mlezi wa Matumbawe wa Gisenyi (1959–2024)

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, familia imenipa mimi, Nsengiyumva, kaka wa mjane, kazi ya kuandika na kuwasomea maisha ya mzee wetu Eliezer Rutagengwa. Niliwaambia wamtafute mtu aliyesoma zaidi, kwa sababu mimi ni mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, na kalamu naishika siku ya kutia sahihi tu. Dada yangu alikataa. Kwa hiyo mkisikia mahali pamepinda, mlaumuni yeye, lakini mngojeni kwanza apumzike.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959 huko Kanama, akiwa mtoto wa pili wa mzee Hitimana na mama Nyirasafari. Kabla hajatimiza miaka miwili wazazi wake walikimbilia Tanganyika, wakafika Tanga, ambako baba yake alipata kazi kwenye shamba la mkonge. Huko ndiko alikokulia, na huko ndiko alikookota kile Kiswahili chake kilichonyooka ambacho sisi wa Gisenyi tulimtania nacho kwa miaka ishirini na minane. Akiagiza chai tu, ungedhani anasoma taarifa ya habari.

Alisoma shule ya msingi Tanga kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha akajifunza ufundi umeme chuoni, akamaliza mwaka 1978. Jumapili baada ya ibada, maji yakiwa yamekupwa, alikuwa na mazoea ya kutembea kwenye miamba ya pwani, maji yakimfika magotini, akitazama matumbawe laini. Hayo si yale magumu yanayochomwa kuwa chokaa. Ni yale yanayonepa na kucheza na maji. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba ameona maua yanayopumua. Mama Nyirasafari alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Alirudi Rwanda mwaka 1996, akafungua karakana yake ya umeme hapa mjini, si mbali na Grande Barrière, pale mpakani. Nyumba nyingi za Rubavu na Kanama ziliwekewa nyaya na mikono yake, na wateja wengine walivuka kutoka Goma wakiwa wamebeba pasi na redio kichwani. Alikuwa na tabia moja mtakayoikumbuka: akiingia kwa mtu, alitazama dari kwanza, ndipo akasalimia. Hata hapa kanisani alimsumbua mchungaji miezi miwili mpaka ile taa iliyokuwa ikiwapiga machoni waimbaji ikahamishwa. Waimbaji walimshukuru, ingawa wengine wetu tuliona waliimba vizuri zaidi walipokuwa wamefumba macho.

Mwaka 1997 aliitwa kwetu kutengeneza soketi ya jikoni. Aliitengeneza. Akarudi kuikagua, akarudi tena kuikagua, na mara ya tatu baba yetu akamuuliza kama amekuja kwa ajili ya soketi au kwa ajili ya dada yangu Verediane. Eliezer alijibu kwa utulivu kwamba soketi haina tatizo lolote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 1998, na Mungu akawajalia watoto wawili: Mutoni, aliyezaliwa mwaka 1999 na ambaye leo ni mhandisi wa umeme Kigali, na Ganza, aliyezaliwa mwaka 2002, anayesomea elimu ya viumbe chuo kikuu.

Sasa nifike kwenye tangi, maana najua ndilo mnalolingoja.

Mwaka 2015 mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni kando ya ziwa alihama, akamwachia Eliezer tangi la kioo. Lilikuwa refu na la chini, kina chake hakifiki dhiraa moja. Mtu mwingine angefugia sambaza au angeanika maharage ndani yake. Yeye aliliweka sebuleni, akaagiza chumvi maalumu ya bahari, na akapata vipandikizi saba vya matumbawe laini kutoka kwa mfugaji mmoja wa Nairobi, vikasafiri mpaka hapa kwenye sanduku la barafu vikiwa na barua zao zote za ruhusa. Dada yangu alisimama mlangoni akamtazama akikoroga.

“We Eliezer,” alisema, “maji ya Kivu iko hapa mbele ya mulango, na we unaweka chumvi mu maji? Batu batasema nilikuroga.”

“Verediane,” alisema Eliezer, “mimi nilikuahidi bahari, na Tanga ni mbali. Subiri kidogo.”

Kazi ngumu haikuwa chumvi, ilikuwa taa. Kwanza alifunga taa ya mrija kutoka karakanani, na matumbawe yakarefuka shingo, yakapauka, yakawa yanautafuta mwanga ambao haukuyafikia vya kutosha. Hapo ndipo nilipoingia mimi na hekima yangu ya ziwani.

“Muramu,” nilimwambia, maana shemeji sisi tunamwita muramu, “hizi vitu ziko na njaa. Kuja nikupe taa yangu ya mutumbwi. Mu ziwa, taa ya nguvu njo inaleta samaki.”

Akaikubali. Tuliifunga wenyewe, mimi na yeye, tukafurahi kama watu waliopata mtoto. Siku ya sita manne kati ya saba yalikuwa meupe na yamekufa. Ndipo tulipojifunza kwamba ndani ya tumbawe vinakaa vijimea vidogo sana vinavyolipikia chakula kwa mwanga. Mwanga ukizidi, tumbawe huvifukuza, likabaki jeupe na bila chakula. Baharini, kina cha maji hupunguza ukali wa jua. Katika tangi la chini namna ile hakuna kina cha kupunguza chochote, na taa ile nilikuwa nimeinunua iite samaki kutoka mbali. Nilitegemea atanigombeza. Hakunigombeza.

“Kosa ni langu,” alisema. “Fundi umeme ni mimi. Lakini elewa, shemeji: sambaza huifuata taa na wakichoka wanaiacha. Hawa wamekaa. Hawana pa kukimbilia.”

Mwaka uliofuata alipata taa ya LED yenye rangi mbili, nyeupe na buluu, kila rangi na kitufe chake. Aliining'iniza juu kwa mnyororo, juu kuliko sote tulivyodhani, akaweka tabaka tano za chandarua kikuukuu kati ya taa na maji, na kila wiki akaondoa tabaka moja. Yale yanayopenda mwanga aliyapandisha juu ya mawe katikati, yale yanayopenda kivuli akayaweka chini pembeni. Aliwasha saa nne asubuhi, akazima saa kumi na mbili jioni, na kila kitu alikiandika kwenye daftari. Buluu aliipa nguvu zaidi ya nyeupe, na kitufe hakukisogeza zaidi ya alama moja kwa mwezi. Mimi ningekufa kwa kungoja. Yeye alivuta kiti, akanywa chai, akatazama.

Na yakashika, ndugu zangu. Yakaongezeka yakawa kumi na manne. Kulikuwa na yale yanayofumba na kufumbua vidole siku nzima, ambayo watoto wa mtaa waliyaambia “habari” kupitia dirishani. Na kulikuwa na moja kubwa, lenye umbo la uyoga, ambalo Eliezer aliliita Mama Mkubwa. Dada yangu, ambaye hajawahi kuiona bahari, alihamishia kiti chake cha kufuma pale mbele, na nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wageni, “Hii njo bahari yetu.” Sijawahi kumwona shemeji yangu akiwa na furaha kama siku hiyo.

Mwezi Machi 2021 madaktari walimwambia moyo wake umechoka. Alilipokea jambo hilo vizuri kuliko sisi sote. Kilichomkosesha raha ni kitu kingine, na alikisema waziwazi mezani: “Moyo wangu una daktari na una Mungu. Matumbawe yatakuwa na nani? Kila mtu anayewapenda atawaongezea mwanga.” Kwa miaka mitatu na nusu hilo ndilo lililokuwa swali lake. Mutoni alimpangia taa ijiwashe na kujizima yenyewe, lakini baba yake akasema mashine haina macho ya kuona tumbawe linapochoka. Ganza alipima maji kwa uangalifu mkubwa mpaka siku moja akasahau kuwasha taa. Kila mtu aliyefika alijaribiwa, na Eliezer aliendelea kutafuta.

Hapa kuna jambo ambalo halikuwamo kwenye wasifu nilioukabidhi kwa wachapishaji. Naliongeza kwa mdomo, mchungaji akiwa shahidi.

Mwezi Juni 2023 marehemu alilazwa Kigali wiki tatu, dada yangu akaenda naye, watoto walikuwa masomoni na kazini, na tangi nikaachiwa mimi. Maagizo yalikuwa mafupi: washa, zima, usiguse kitufe. Siku ya tano Mama Mkubwa akajikunja. Vidole vyake vyote viliingia ndani, na ngozi ikawa inang'aa kama imepakwa nta. Nikaona anakufa mikononi mwangu. Nikajiambia ni njaa, nikaongeza mwanga. Kesho yake hakufunguka, nikaongeza tena. Kumbe tumbawe la namna ile hujifunga hivyo mara chache kwa mwaka likibadilisha ngozi, na siku chache baadaye hufunguka lenyewe. Angehitaji kungojewa tu. Eliezer aliporudi, Mama Mkubwa alikuwa mweupe juu kote.

“Muramu,” nilisema, “sijue ni nini imepata huyu. Labda ni maji.”

Alitazama tumbawe, akatazama taa, akanitazama mimi. “Labda ni maji,” alisema, na akaomba chai.

Wiki ile alikata kwa wembe kipande kidogo cha chini kilichokuwa bado na rangi, akakifunga kwenye jiwe kwa uzi, akarudisha tabaka za chandarua juu yake. Pasaka ya mwaka huu kilikuwa kimefika upana wa kisahani cha chai. Mimi niliuficha ukweli, naye hakuuliza. Nimeona aibu mwaka mzima na zaidi, na leo nimewaambia.

Mzee Eliezer alituacha nyumbani kwake Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Hakuteseka. Saa nne ilipofika, nyumba ikiwa imejaa watu wanaolia, Mutoni aliinuka, akapita katikati yetu, akawasha taa. Sote tuliona basi, jibu limepatikana.

Alhamisi familia ilikaa. Dada yangu alileta lile daftari la mwanga, akasema kuna ukurasa wa mwisho ulioandikwa Agosti, na akampa Mutoni asome. Nanukuu kama ulivyo:

“Tangi apewe shemeji Nsengiyumva. Mutoni anajua taa kuliko mimi, na Ganza anawajua viumbe hawa kuliko mimi, lakini hawajawahi kuwaunguza. Shemeji aliwaunguza. Siku niliyotoka hospitali alidhani nimelala kitini. Alipiga magoti mbele ya kioo, akamwomba Mama Mkubwa msamaha kwa Kinyarwanda, kwa muda mrefu. Mtu huyo hataharakisha tena. Nimemtafuta miaka mitatu na alikuwa anakunywa chai yangu.”

Mutoni alifunga daftari akanigeukia. “Bon, tonton,” alisema, maana mjomba yeye huniita tonton kwa Kifaransa, “donc ni wewe.”

Nililia, na nikiwa bado nalia nikaanza kucheka, na dada yangu naye akacheka, siku ya tatu tu ya ujane wake. Aliyetuchekesha ndiye tunayemzika.

Marehemu Eliezer ameacha mjane, Verediane. Watoto wawili, Mutoni na Ganza. Mkwe mmoja, Ndahiro. Dada yake Mukarugwiza aliyeko Tanga, ambaye anatusikiliza kwa simu. Shemeji mmoja asiyestahili. Na matumbawe kumi na manne.

Mungu akupokee na akupe pumziko lako, muramu. Leo saa nne nimeyawashia taa, nikavuta kiti nikakaa. Yote yamefunguka.