Walter Wawili

Benchi la Nelima, muuza kahawa, lilikaa nje ya soko la Kibuye, na tangu birika la kahawa liinjikwe asubuhi hiyo ya mwaka 1996, habari ilikuwa moja tu. Walter Oduor, fundi wa saa, aliibiwa kipande, yaani kitambulisho chake, huko Kisian miaka miwili iliyopita. Jana dereva wa lori alisema mwaka jana alikutana Nakuru na Walter Oduor mwingine, aliyejiita wa Kibuye, na alikuwa na mke. Walter wa benchini hakuwa na mke wala mtoto. Agosti iliyopita alikuwa amemzika mama yake, aliyemzaa yeye tu.

— Huyo atapiga kura na jina yako, alisema Joram, aliyeitwa Bulletini kwa sababu habari haikumpita.

— Kura ni kitu kidogo, omera, ndugu yangu, alisema Ochieng. Yeye walimwita Kompyuta, maana aliwahi kufagia ofisi yenye mashine hiyo. — Nairobi wanaingiza majina yote kwa kompyuta. Ikipata Walter wawili, inafuta mmoja.

— Inafuta gani?

— Ile haina watu.

— Basi huyu wetu hata akikufa hatazikwa, alisema Bulletini. Itaonekana hakuzaliwa.

— Na saa zote alitengeneza zitasimama.

Walter alicheka nao, lakini roho yake ilikuwa Nakuru. Alimwonea mwizi wake wivu, na hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe. Jina lile lile alilokaa nalo bure miaka arobaini, mtu mwingine amelipatia nyumba.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele yao, akafungua fundo la leso na kutoa kipande.

— Samahani wazee, natafuta kwa kina Walter Oduor. Mimi ni Waithira, nimetoka Nakuru. Bwana yangu alipotea mtoto akizaliwa, akaacha hii kwa koti.

Picha ilikuwa imefutika, lakini Walter alikijua kipande chake kabla hajakishika.

— Walter ni mimi, mama. Huyo aliniibia.

Waithira alimtazama usoni, akakitazama kipande, kisha akakaa. Nelima akammiminia kahawa iliyobaki.

— Basi mniambie kitu moja tu, alisema Waithira. Mama ya bwana yangu anaitwa nani? Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina ya mama ya baba. Kila siku alikuwa anasema ataniambia kesho. Huyu amemaliza miezi tatu bila jina.

Bulletini alimtazama Kompyuta. Kompyuta alichungulia kikombe chake kitupu.

— Dorca, alisema Walter.

— Huyo ni mama yake?

— Ni mama yangu. Lakini jina ya baba ya mtoto ni yangu pia, na hiyo mlishachukua. Chukua na hii.

Waithira akamzungusha mtoto mbele, akamfunua uso.

— Dorca, akaita. Dorca.

Tangu Agosti, Walter hakuwa amesikia mtu akiliita jina hilo na kungoja kuitikiwa.