Ukurasa wa Mwisho wa Cheche

Hesh: Haloo? Nani mwenzangu?

Connie: Mimi, Connie. Hujambo, Hesh?

Hesh: Connie Ruggiero! Sijambo, mgongo tu ndio unanisumbua. Mbona sauti kama uko ndani ya pipa?

Connie: Niko kwenye kibanda cha simu, nje ya ofisi. Na mvua hii... Pearl yupo?

Hesh: Kaenda kwa muuza magazeti. Toleo jipya la katuni yetu limetoka leo. Namwambia kila siku, mumeo ndiye mchoraji, tunaletewa bure! Hasikii. Anataka anunue mwenyewe, asimame palepale barabarani amtazame Cheche. Unajua kwa nini.

Connie: Najua. Ule uso uliomchorea.

Hesh: Uso wa binti yetu, Rivka. Tangu tumzike, ndiyo njia yetu ya kumwona. Haya, sema. Hukutoka na mvua hii kuniuliza habari za mgongo.

Connie: Kurasa zako za toleo lijalo ziko mezani kwangu. Maneno yamekuja asubuhi hii, niyaandike kwenye viputo vya midomoni mwao.

Hesh: Na yule mhariri mpya kasemaje? Kapenda?

Connie: Kapenda mno.

Hesh: Ahaa! Na alivyokuwa akinicheka, eti nachora mambo ya enzi za babu yake—

Connie: Hesh, ngoja—

Hesh: —eti wasomaji siku hizi wamekua, wamechoka na mashujaa wa kuchekacheka, wanataka—

Connie: Hesh! Ule ukurasa wa mwisho. Alikuambia uchore nini?

Hesh: Si kama kawaida? Kanipigia simu, kanipa kisa kwa kifupi. Jengo linaanguka, shujaa wetu Mnara anafukua vifusi kwa mikono, anamtoa Cheche, anambeba. Mimi nikachora. Maneno huwa mnatia nyinyi baadaye. Kwani vipi?

Connie: Ulimchora kafumba macho.

Hesh: Amechoka, mtoto! Kaokolewa, kalala mikononi mwa Mnara. Nilimchora kama... (Mkwaruzo kwenye simu.) ...Rivka alivyokuwa akilala kwenye gari tukitoka ufukweni. Huoni hata mkono ulivyolegea?

Connie: Nauona.

Hesh: Sasa?

Connie: Ni yale maneno, Hesh.

Hesh: Connie. Hayo maneno yanasemaje?

Connie: Hesh, mimi sikutaka uyasome toleo likishatoka—

Hesh: Nisomee.

Connie: Mnara anasema, "Nimechelewa. Mwili wake umeshakuwa baridi."

Hesh: (Kiti kinaburutwa sakafuni.)

Connie: Hesh? Upo?

Hesh: Lakini mimi nilimchora mzima.

Connie: Ndiyo.

Hesh: Mzima, Connie! Anapumua!

Connie: Wamemwongezea mstari mmoja tu, wa wino. Mdomoni, pembeni. Damu. Na jalada limeshaandikwa: "Enzi mpya inaanzia hapa."

Hesh: Enzi mpya! Kijana mzima haoni enzi mpaka aue mtoto? Si angenifukuza mimi? Mimi mzee, anifukuze! Cheche kamkosea nini?

Connie: Nilimwambia. Nikamwambia habari ya Rivka, nisamehe. Kanijibu, "Vizuri, ndiyo maana ukurasa unaliza."

Hesh: Mwenyezi Mungu.

Connie: Sikiliza, bado sijaandika hata herufi. Naweza kumwaga wino. Ajali, si hutokea? Naumwagia ukurasa wote.

Hesh: Wana nakala. Watampa mwingine achore. Huyo atamchora Rivka vibaya.

Connie: Basi siandiki. Akaandike mwenyewe.

Hesh: Hapana. Wee uandike. Tangu Cheche aanze kusema, kila neno lake limepita mkononi mwako. Hebu niahidi.

Connie: Usinifanyie hivyo, bwana wee.

Hesh: Niahidi! Na uandike herufi ndogo, zile za kunong'ona. Asipige makelele huyo Mnara, mtoto amelala.

Connie: (Analia.) Haya. Ndogo.

Hesh: Connie... kwenye vitabu vyetu watu hurudi, siyo? Wanakufa, halafu mwandishi mwingine anakuja, anasema hakufa.

Connie: Wengine hurudi.

Hesh: Eeh. Wengine.

Connie: Simu inataka sarafu, sina nyingine. Utamwambia Pearl lini? Hesh, usimwache akaone mwenyewe pale kwa muuza magazeti, mbele za watu. Mwambie leo!

Hesh: Ndiye huyo, nasikia mlango.

Connie: Mwambie sasa hivi!

Hesh: Ni Connie, mpenzi, wa ofisini! Anakusalimu! ... Vua koti, umelowa. ... Nini? ... Nimekusikia. Anauliza, Connie, toleo lijalo Cheche yumo?

Connie: Hesh, tafadhali—

Hesh: Yumo, Pearl! Yumo ukurasa mzima, wa mwisho. Nimemchora amelala.

Connie: Hesh! Hes—

(Simu inakatika.)