Gari la Betri la Wayua Munguti

Jumamosi hiyo ya mwaka 2005, kwenye benchi la kahawa la Mbeke nyuma ya soko la mifugo la Kajiado, hakuna aliyetaja bei ya mafahali. Saa kumi unusu, katika uwanda mkavu ng'ambo ya mji, Wayua Munguti angeendesha gari la betri alilounda na wenzake wa chuo, wavunje rekodi ya kasi ya nchi. Baba yake, Mzee Lazarus Munguti, karani mstaafu wa reli, aliketi pembeni na kikombe ambacho hakuwa amekionja. Wayua alimkataza kwenda: “Ukisimama pale, Baba, nitakuangalia wewe.” Sasa ilikuwa saa tisa na robo.

— Kilomita mia moja themanini kwa saa, — alisema Githongo, fundi wa redio. — Nimepiga hesabu. Mota, uzito, na upepo nimetoa.

— Upepo wa Kajiado utautoa uupeleke wapi? — Huyo alikuwa Elijah Ojwang, dereva wa lori, aliyeitwa Gavana, jina la kile kifaa cha kudhibiti mwendo, kwa kuwa hakuwahi kupita kilomita themanini kwa saa. — Betri moja ni kumi na mbili. Ziko ishirini. Hiyo ni mia mbili na arobaini. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hizo ni volti, Gavana, si kilomita!

— Na volti zitaenda wapi kama si mbele?

— Hata stima ya nyumba ni mia mbili na arobaini, — Mbeke akadakia. — Mbona nyumba yangu haijafika hata Isinya?

— Yako haina magurudumu, mama.

Walicheka. Mzee Munguti hakucheka.

— Githongo, tairi zake zinahimili ngapi?

Githongo alichungulia kikombe chake.

— Si mbaya, Mzee.

— Likipita mia tatu, — Gavana akaendelea, — litafika kabla ya mlio wake.

— Mlio gani? — Mbeke akauliza. — Jana lilipita nyuma yangu nikadhani ni upepo.

— Basi hapo ndipo uzuri uko! Ngoma ivumayo haidumu. Hii haivumi, itadumu!

— Sopa, — alisalimu kwa Kimaasai mtu mwenye fimbo, akitoka sokoni.

— Ipa, — wakaitikia. Alikuwa Parmuat ole Tipanko, mfugaji. Alisimama akiwasikiliza.

— Hiyo gari ni ya leo?

— Leo, saa kumi unusu.

— Ndugu yangu ako huko na ng'ombe mia mbili. Wakati huo ndio wanavuka uwanda kwenda maji. Gari ikikuja, wanasikia, wanatoka. Sasa hii yenu watasikia nini?



Mzee Munguti alimpigia Wayua simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Akainuka.

— Githongo, pikipiki yako iko na petroli?

— Iko, Mzee. Lakini ekzosi imetoboka, inapiga kelele mbaya sana.

— Ndiyo hiyo ng'ombe watasikia. Washa.