Rangi ya Dhahabu ya Daktari Nzuki

Mchungaji, mama yetu Mbithe, shemeji Kavutha na nyote mliofika hapa nyumbani Katelembo, mimi ni Justus, niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imeniomba nisome safari ya maisha yake, ingawa angekuwa hai angesahihisha kila sentensi.

Daktari Nzuki Masila alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Mwala, kifungua mimba wa mzee Masila, aliyetutangulia, na mama Mbithe, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1978, akasoma sekondari Tala, kisha mwaka wa 1992 akajiunga na chuo kikuu Nairobi kusomea kemia.

Mwaka wa 1998, akisomea shahada ya pili, alitafuta rangi ya dhahabu kwa hesabu za kompyuta, akasimama mbele ya walimu wake akatangaza kwamba ni nyeupe, na mmoja wao akavua saa yake ya dhahabu polepole akaiweka mezani. Kosa lake, alivyotueleza kila Krismasi tupende tusipende, ni kwamba katika atomi nzito kama hiyo elektroni za ndani kabisa hukimbia zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na ukizipigia hesabu kama zinazotembea taratibu, dhahabu hutoka nyeupe kama madini ya fedha.

Tarehe 9 Desemba 2000 alifunga ndoa na Kavutha kanisani Tala, ambako aliishika pete ya dhahabu akaikazia macho hadi mchungaji akakohoa, na Mungu akawajalia Bonface na Wayua. Alipata shahada ya udaktari wa kemia mwaka wa 2009, na kuanzia 2012 alifundisha chuo kikuu mjini Machakos, akitafuta njia ya kuingiza kasi ile katika hesabu kwa kompyuta ya kawaida, ili wanafunzi wetu wasiombe mashine za ng'ambo.

Februari 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo, na hata alipokuwa akisafishwa damu aliendelea kumwongoza mwanafunzi wake Ndinda, ambaye shahada yake ilingojea jaribio moja tu, kwamba kwa njia yao dhahabu itoke ya njano. Waliianzisha hesabu hiyo kwenye kompyuta yake Januari mwaka huu, hapa sebuleni, naye akatuaga Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, kompyuta ikiwa bado inaipiga.

Mlipokuja kutufariji, jirani yetu Kuria alileta spika akatafuta soketi, shemeji akasimama mbele ya ile kompyuta akasema haizimwi, wengine mkanong'ona kwamba ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, lakini pia alikuwa amemwahidi mumewe kutoizima kabla hesabu haijaisha. Kuria hakubishana, alivuta waya kutoka kwake akaupitisha juu ya ua.

Jumanne wiki hii hesabu ilikamilika, Ndinda akazigeuza zile namba kuwa rangi, Kavutha akaweka kidole chenye pete kwenye kioo cha kompyuta, akalinganisha, akalia, kisha akaizima mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, wanafunzi, kanisa, majirani wote na Kuria kwa umeme wake.

Kaka, imetoka ya njano. Sasa pumzika kwa amani.