Nilimwogopa Aliyemsamehe Mwanangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mbele yenu amesimama mama aliyetendewa wema akaushuku kama sumu.

Mwanangu Yohana ana miaka kumi na tano. Alianza kutembea na vijana wa kule bwawani, akawa hanisikii tena. Siku moja wakaingia kuiba zabibu shambani kwa Mama Mwajuma, jirani yetu hapa Hombolo. Walipofukuzwa, wakarudi na mapanga kwa hasira, wakafyeka safu nzima ya mizabibu. Wenzake wakakimbia. Wangu akakamatwa.

Nilijua ni polisi, kisha mahakamani. Lakini Mama Mwajuma akaiambia kamati ya kijiji, mbele ya afisa ustawi wa jamii, "Mimi mahakamani siendi. Aombe radhi hapa mbele za watu, halafu akitoka shule awe anakuja tupande upya." Yohana akakubali.

Ndugu zangu, badala ya kushukuru, niliingiwa na hofu! Nani anafyekewa shamba halafu anasamehe? Nikasema, huyu ana lake jambo. Yohana akirudi namkagua mgongo, natafuta alama za fimbo au chale.

"Umekula nini kule?"

"Ugali na mlenda, mama."

Basi namwekea mikono tumboni, nakemea mapepo mpaka majirani wanasikia!

Mwisho nikaenda kujibanza nyuma ya ua wa miiba niwafumanie. Nikamwona Yohana ameinama anafungia mche kwenye nguzo, machozi yanamtoka.

"Lia, mwanangu," Mama Mwajuma alimwambia, "ila usiache kufunga." Kisha, bila hata kugeuka, "Na wewe Mama Yohana, toka humo, utachanika."

Nilitoka. "Dada, unataka nini kwa mtoto wangu?"

Akanigeukia. "Kaka yangu alifungwa akiwa na umri kama wake. Aliyerudi nyumbani hatukumjua. Sikutaka kumpeleka wa pili."

Hapo ndipo nilipoelewa, ndugu zangu! Nililia pale pale shambani, na Mungu akanifungua kifungo ambacho sikujua ninacho.

Kamati imelimaliza shauri. Yohana anasoma. Sisemi amekuwa malaika. Bado namchungulia, mimi ni mama. Lakini nakusihi wewe uliyekosewa na mtoto wa mwenzako: kabla hujamwita askari, mwite Mungu kwanza. Na ukisamehewa, usitafute mtego. Mshukuru Mungu, kisha nenda ukamshukuru na jirani yako. Mimi nilichelewa, lakini nilikwenda.