Mwalimu Apolinaria Lugembe na Watoto wa Shule ya Mwisho

Baba Paroko, wazee wetu wa Usinge, walimu, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Kaliua na Tabora mjini, shikamooni wakubwa zangu na poleni nyote. Mimi ni Tobias Lugembe, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu tunayemzika leo.

Mwalimu Apolinaria alizaliwa hapa Usinge tarehe 14 Agosti 1971, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Modest Lugembe na Mama Veneranda, ambaye tunaye hapa na hali yake mnaiona. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akaendelea na sekondari Tabora mjini, akiishi kwa shangazi yetu huko Chemchem, na mwaka 1991 alijiunga na chuo cha ualimu, ambako alilala chumba kimoja na binti aitwaye Bertila, wakawa wanagawana sabuni na kanga, hata ikawa kila chuo kikifungwa Mama anapika akijua wanakuja wawili.

Aliajiriwa mwaka 1994 huko Ulyankulu, akafundisha watoto ambao wengi wao nyumbani walizungumza Kirundi, naye akajifunza kuwasalimu kwa lugha yao. Tarehe 6 Septemba 1997 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Wilbroad, mfuga nyuki, na Mungu akawajalia mapacha, Kulwa na Doto, waliozaliwa mwaka 2000.

Mwaka 2012 alihamishiwa katika kata yetu kuwa mwalimu mkuu wa ile shule iliyo kando ya msitu, na kwa kuwa Mwalimu Bertila alikuwa tayari anaongoza shule ya barabarani, nyumbani tulifurahi, tukasema dada amepata ndugu wa kazini.

Mnajua jinsi shule za msingi za kata zinavyolinganishwa kila matokeo ya darasa la saba yanapotoka, ya kwanza inapigiwa makofi, ya mwisho inatakiwa kujieleza. Mwanzoni mwa mwaka 2021, kabla ya usajili wa mtihani, Mwalimu Bertila alifika kwa dada, akala ugali pamoja nasi, kisha akasema, nami nikisikia, "Apolina, nina watoto hawajui kusoma, wakifanya mtihani kwangu nitaanguka, nipokelee wewe, na siku wakikuuliza nitasimama niwaambie wametoka kwangu." Dada akamjibu, "Walete, mtoto hafukuzwi kwa kutojua, ndiko kulikomleta shule."

Watoto walikuja, na dada akawa anabaki nao kila siku baada ya vipindi, akiwafundisha silabi kwa silabi, vijana wa darasa la saba walioanza kuota ndevu, na kufikia Septemba wengi waliweza kuwasomea wazazi wao maelezo ya dawa, ingawa kwa mtihani wa taifa walikuwa bado wamechelewa.

Shule ya barabarani ikawa ya kwanza, ya dada ikawa ya mwisho. Katika kikao cha Novemba, mbele ya wazazi, kiongozi mmoja alimuuliza dada kama watoto wake wanakula chakula tofauti na cha wenzao, naye akasimama, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mwalimu Bertila yupo, atawaeleza." Mwalimu Bertila akasema, "Mimi nieleze nini? Kila mtu ajibie shule yake." Watu wakacheka, dada akaketi.

Januari 2022 alivuliwa ukuu wa shule akarudishwa darasani, mwenzake akapandishwa cheo, na wazazi ambao dada aliwapokelea watoto walinyamaza, na baadhi yenu mko hapa. Aliendelea kufundisha, hakumlalamikia mtu, ila mara moja tu tukiwa shambani aliniambia, "Tobias, kushindwa nimekuzoea, lakini nilidhani pale nina mtu."

Machi 2024 alianza kuumwa tumbo, akagundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Tabora na baadaye Mwanza, hadi asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025 alipofariki akiwa amemshika Doto mkono. Mwalimu Bertila hakuja kumwona hata siku moja. Jana alileta ombi la kutoa salamu za walimu hapa kaburini, na Mama akajibu, "Mwambieni akae na wenzake aomboleze, kusema alishapewa nafasi." Kwa hiyo salamu hizo zitatolewa na Mwalimu Mfaume, aliyefundisha naye hadi mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kulala nasi msibani, jumuiya ndogo ndogo iliyosali naye, walimu mliombebea vipindi alipokuwa mgonjwa, na wale vijana aliowapokea, ambao leo asubuhi wamechimba kaburi hili bila kuitwa na mtu.

Dada, hukututuma tuyaseme haya, wala usingeyasema mwenyewe, lakini tumeona ni vibaya kukufukia pamoja nayo. Lala kwa amani.